Bahari Imefika Uani: Jinsi ya Kupanga Nani Ahame, Lini na Wapi

Mwongozo huu nauandika kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, wajumbe wa mashina na vikundi vya vijana wa pwani ya Tanzania, kuanzia Moa hadi Msimbati. Kila ninapofika, swali la kwanza ni ukuta wa kuzuia bahari isimege ardhi: tutajengewa lini? Kweli, ukuta umejengwa kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, na Pangani pia. Lakini ile ni miradi mikubwa ya wahandisi, na kitongoji chenye nyumba chache za miti na udongo huwa mwisho wa foleni, kama kimo kwenye foleni. Kwa hiyo anzeni na kujua mna muda gani.

Hatua ya 1: Pimeni ukingo

Chagueni alama zisizohama, mbali na maji: kona ya msikiti, nguzo ya umeme, mwembe wa zamani. Msipige kigingi karibu na ukingo, kitakwenda na maji na kipimo chenu kitapotea nacho. Kutoka kila alama, vuteni futi ya kamba moja kwa moja hadi pale ardhi inapokatika. Andikeni kwenye daftari tarehe, alama na mita, kisha pigeni picha mkiwa mmesimama palepale kila mara.

Pimeni siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kiasi, linapokuwa limeshafanya kazi yake. Wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo, hakuna cha maana mtakachokiona. Bamvua la Machi na la Septemba msiyakose, kwa kawaida ndiyo makubwa. Pimeni msimu wa upepo wa kusi na msimu wa kaskazi, maana upepo ukigeuka mchanga nao hugeuka: ufukwe ulioliwa Julai unaweza kurudishiwa kiasi Januari, na mtu aliyepima msimu mmoja tu atatisha watu bure au atawatuliza bure.

Sasa hesabu. Tuseme nyumba iko mita 14 kutoka ukingoni na kwa mwaka zimekatika mita 2. Utasema wana miaka saba. La. Angalia usiku mmoja mbaya kuliko yote ulichukua nini. Kama bamvua moja lenye upepo lilimega mita 4, basi nyumba iliyo mita 5 kutoka ukingoni ihesabuni kuwa ni ya usiku mmoja, hata kama wastani unasema vingine.

Hatua ya 2: Andikeni watu

Orodha ya wenye nyumba haitoshi. Andikeni wapangaji, mjane anayeishi kwenye nyumba ya shemeji, mzee asiyeweza kutembea, na mama anayekausha dagaa uani ingawa analala kwingine. Kila kaya iwe na karatasi inayoonyesha haki yake: leseni ya makazi, hati ya hakimiliki ya kimila, au hata hati ya mauziano iliyosainiwa kwa mjumbe. Pigeni picha karatasi hizo sasa, kabla hazijalowa.

Halafu gaweni mafungu matatu: wanaotoka kabla ya kusi ijayo, wanaoanza kujiandaa, na wanaobaki huku mkiendelea kupima. Yasomeni mbele ya mkutano wa hadhara pamoja na vipimo, ili asionekane mtu kapendelewa.

Hatua ya 3: Acheni kuusaidia mmomonyoko

Mchanga wa ufukweni huletwa na mito. Kunduchi mnaijua habari yake: mchanga ukichimbwa kwa ajili ya ujenzi kwenye mito kama Tegeta na Mbezi, ufukwe unakosa chakula. Mikoko ikikatwa na matumbawe yakivunjwa, wimbi linafika na nguvu zake zote. Viroba vya mchanga vinaweza kukununulia muda wa kutoa vyombo, ila msivijaze kwa mchanga wa ufukwe uleule. Na ukuta wa mtu mmoja, wa matairi au mawe, hurudisha wimbi likachimba chini yake na kumega kwa jirani. Nimeona ugomvi wa namna hiyo ukifika polisi.

Hatua ya 4: Tafuteni kiwanja

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Msihamie mita 30 nyuma. Lakini pia msikubali kiwanja cha mbali eti kwa sababu kipo: mvuvi akilala mbali na diko, pale vyombo vinapoegeshwa, ataacha familia huko na kurudi kulala kwenye banda ukingoni. Onjeni maji ya kisima cha jirani mwishoni mwa kiangazi, wakati chumvi inajionyesha. Mabanda ya nyavu na injini yanaweza kubaki karibu na maji, yawe mepesi ya kubomoa.

Kuhusu fidia, semeni ukweli mapema. Serikali ikitwaa ardhi, kuna tathmini na fidia; bahari ikiimega, msitarajie fidia ijilete yenyewe. Peleka barua halmashauri kupitia kwa mtendaji, ukiambatanisha daftari la vipimo, ombeni ardhi, na bakini na nakala yenye muhuri.

Hatua ya 5: Hamisheni

Jirani wahame pamoja, jamaa kwa jamaa. Fundi atoe bati, boriti, milango na madirisha kwa mpangilio. Shimo la choo linyonywe na kufukiwa kabla maji hayajalifikia, la sivyo kinyesi kitaishia pale watoto wanapoogelea. Visima vifukiwe pia. Makaburi yazungumzwe na familia na masheikh au wachungaji mapema, si siku ya kubeba bati.

Hatua ya 6: Fungeni nyuma yenu

Kiwanja kilichoachwa huuzwa upya kwa mgeni asiyejua, mara nyingi msimu bahari imetulia. Kubalianeni kwenye mkutano, na muandike kwenye muhtasari, kwamba mwenyekiti wala mjumbe hatasaini mauziano wala pango ndani ya eneo lililopimwa. Pandeni mikadi na lakasa hapo, na kijana anayeshika daftari la vipimo aendelee kupima, maana fungu la pili sasa ndilo lililo mbele.