Bili ya kodi ya mali kwenye gari la mkataba: isome kabla hujailipa

Ikifika Agosti, picha za aina moja huanza kuingia kwenye simu yangu. Mtu amefungua akaunti yake ya gari akitarajia kuona zile dola 412 za kila mwezi, anakuta anadaiwa dola 1,600 na ushei. Chini ya malipo ya kawaida umeongezwa mstari mmoja: kodi ya mali. Haitajwi kaunti wala mwaka wa kodi. Swali linalofuata nalijua: "Dada, gari si langu, nitalirudisha. Kodi ya mali inanihusu nini?"

Kazi yangu ni utunzaji wa hesabu, na naishi Virginia Kaskazini, ambako Waswahili wenzangu wengi wanaendesha magari ya mkataba, yaani yale unayoyalipia kila mwezi kwa miaka miwili au mitatu kisha unayarudisha. Wanaoshtuka zaidi ni waliohamia huku kutoka ng'ambo ya mto, Maryland, kwa sababu kule gari la mtu binafsi halitozwi kodi hii ya kila mwaka. Nawaandikia hao kwanza, na yeyote aliye katika jimbo linalotoza.

Bili inatoka wapi

Hapa Virginia kila kaunti, na kila mji unaojitegemea, hutoza kodi ya mwaka kwa thamani ya gari. Kama gari umelinunua, bili inakuja kwako moja kwa moja. La mkataba ni tofauti: kwenye hati mmiliki ni kampuni iliyokukodisha, kwa hiyo kaunti inaiandikia kampuni. Kampuni inalipa, halafu inakudai wewe, na mara nyingi inaongeza ada ndogo ya usumbufu. Kisheria hilo linaruhusiwa, maana mkataba uliotia saini unasema kodi za gari ni juu yako.

Utoe mkataba wako uutazame. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 inayolinda wanaokodi vitu kwa matumizi binafsi inailazimu kampuni itaje jumla ya ada za serikali na kodi inazokadiria utalipa kwa muda wote wa mkataba. Hiyo jumla ina mstari wake, mbali kidogo na malipo ya mwezi, na karibu yake pana sentensi inayosema kiasi halisi kinaweza kupanda au kushuka kulingana na viwango vya kodi na thamani ya gari wakati huo. Ukikuta kiasi kilichoandikwa pale ni kidogo mno kwa miaka mitatu ya Virginia, ujue bili kubwa iko njiani, hata kama muuzaji hakuitaja.

Kampuni hazifanani katika namna ya kuidai. Iliyo ya kawaida huiongeza yote kwenye malipo ya mwezi mmoja. Nyingine huigawa kidogo kidogo kwenye kila mwezi, na nyingine hukutumia bili ya kaunti ukailipe mwenyewe. Piga simu uulize yako hufanya ipi. Na kama umeweka malipo yanayojikata benki, uliza pia kama kodi inaingia kwenye makato hayo. Kuna akaunti ambazo makato huchukua malipo ya gari tu, kodi inabaki pale inadaiwa, miezi inapita, na mwenye gari anakuja kujua siku amepelekewa barua ya deni.

Omba bili yenyewe ya kaunti

Hapa ndipo nakaza sauti. Usilipe kwa kuangalia mstari wa kampuni peke yake. Kaunti ikikosea, au kampuni ikikosea kujaza fomu za kaunti, kosa lile linapita ofisi mbili kabla ya kukufikia, na hakuna hata moja yenye sababu ya kulitafuta kwa niaba yako. Kaunti imeshapata hela zake. Kampuni nayo itarudishiwa na wewe. Macho pekee yenye uchungu na pesa hizo ni yako.

Iandikie kampuni ujumbe mfupi kwenye akaunti yako, si kwa simu tu, ili ubaki na ushahidi. Sema unaomba nakala ya bili halisi iliyotolewa na kaunti au mji kwa gari lenye namba yako ya chasisi, kwa mwaka wa kodi unaodaiwa. Usiombe maelezo. Omba nakala, kwa sababu maelezo utakayopewa yatakuwa yale yale yaliyo kwenye mstari.

Ikifika, linganisha kwanza namba ya chasisi, zote 17, na ile iliyo kwenye kadi yako ya bima. Kisha tazama ni mamlaka gani imetoza. Hili huku kwetu linakosewa sana kwa sababu anwani za posta zinadanganya. Nyumba nyingi zenye anwani ya Alexandria au Falls Church haziko ndani ya miji hiyo. Ziko Kaunti ya Fairfax, ambayo ina viwango vyake na ofisi yake ya kodi. Karani aliye jimbo lingine anaona neno Alexandria, anaandika mji wa Alexandria. Ukihama ndani ya mwaka, tatizo ni hilo hilo: kama hukuiarifu kampuni gari linalala wapi sasa, itaendelea kulipa kule ulikotoka.

Baada ya hapo tazama miezi. Fairfax hugawa kodi kwa miezi ambayo gari limekuwa ndani ya kaunti, lakini zipo sehemu za Virginia zisizogawa, ambako gari lililokuwepo tarehe 1 Januari hulipiwa mwaka mzima. Jua yako ni ipi kabla ya kulalamika.

Mstari wa unafuu ndio wenye pesa

Virginia ina sheria ya mwaka 1998 inayopunguza kodi ya magari ya matumizi binafsi. Unafuu huo unahesabiwa kwenye dola 20,000 za kwanza za thamani ya gari, na tangu 2006 jimbo limekuwa likitoa fungu moja la dola milioni 950 kwa mwaka linalogawanywa kwa kaunti na miji, kwa hiyo asilimia ya unafuu inatofautiana toka sehemu moja hadi nyingine. Gari la mkataba linastahili, mradi ni la mtu binafsi na mkataba unamtaka aliyekodi alipe kodi. Nimewasikia wengi wakiambiwa kwamba unafuu ni wa wenye magari tu. Si kweli.

Chukua mfano. Gari lina thamani ya dola 30,000, kiwango cha kaunti tuseme ni dola 4 kwa kila 100, na unafuu tuseme ni asilimia 40. Kodi kamili ni dola 1,200. Dola 20,000 za kwanza zinazaa kodi ya dola 800, na asilimia 40 yake ni 320. Unatakiwa kulipa 880. Mstari wa unafuu ukiwa mtupu, au ukisoma sifuri, hizo 320 zinatoka mfukoni mwako kila mwaka mpaka mkataba uishe.

Mama mmoja wa hapa mtaani, msaidizi wa wagonjwa, aliniletea nakala yake nikaiona sifuri hiyo waziwazi. Gari lilikuwa limeandikishwa kaunti kama la biashara, kwa vile lililetwa na kampuni na hakuna aliyejaza kwamba linaendeshwa na mtu binafsi. Fomu ya kuthibitisha matumizi ilikuwa imetumwa, ila ilikwenda kwa kampuni, haikumfikia yeye. Tulipopiga simu kaunti, mhudumu alimwuliza maswali machache, akampa fomu, naye mama akaituma pamoja na nakala ya mkataba. Kazi nzima ilikuwa hiyo.

Sasa kwa wale wa Uber na wenzao, naomba msome kwa makini. Kama zaidi ya nusu ya maili za gari kwa mwaka unazidai kama gharama ya biashara kwenye ritani yako ya kodi ya mapato, kwa Virginia gari hilo ni la biashara, na unafuu huna. Usitie saini fomu ya matumizi binafsi huku ritani yako inasema vingine. Karatasi hizo mbili zinaweza kukutana. Weka daftari la maili, na ukiwa chini ya nusu kweli, dai haki yako bila woga. Ila kabla ya hayo, angalia kama mkataba wako unaruhusu kubeba abiria. Mingi hairuhusu.

Kurekebisha, na pesa kurudi

Kosa likiwa la kaunti au la maandikisho, zungumza na kaunti. Katika sehemu nyingi za Virginia ofisi yenyewe ni ya kamishna wa mapato wa kaunti au mji. Fairfax wana idara yao ya kodi. Watakuuliza namba ya chasisi, mkataba, na uthibitisho wa makazi. Kama bili ni ya zamani usikate tamaa: sheria ya Virginia inakupa miaka mitatu tangu mwisho wa mwaka wa kodi kuomba marekebisho, au mwaka mmoja tangu tarehe ya ukadiriaji, lolote lililo mbali zaidi. Kuna ofisi zitakazosema haziwezi kuzungumza nawe kwa sababu mwenye gari ni kampuni. Hapo iandikie kampuni iombe marekebisho yenyewe, na uwatajie hasa kinachokosewa: mamlaka, miezi, au unafuu. Barua ya "bili ni kubwa mno" haifiki popote.

Wakati mnabishana, malipo ya mwezi lipa kwa tarehe yake, na kwa maandishi ieleze kampuni kwamba kodi pekee ndiyo unayoipinga. Ikikaribia kuingia faini au kuripotiwa kwenye rekodi yako ya mikopo, ushauri wangu ni kulipa na kudai marejesho. Rekodi iliyochafuka inagharimu zaidi ya hizo dola 320, na kuisafisha kunachosha.

Na hapa pana shimo ambalo wengi hawalioni. Kaunti ikikubali kosa, hundi ya marejesho inakwenda kwa kampuni, kwa sababu ndiyo iliyolipa. Kampuni haitakutafuta. Iombe kaunti barua au taarifa inayoonyesha kiasi na tarehe ya kurudishwa, itume kwa kampuni, uitake iweke pesa hizo kwenye akaunti yako. Kama mkataba umeshakwisha, dai hundi.

Gari umerudisha, bili bado inakuja

Hii inawaumiza sana ndugu zetu wa Connecticut. Kule magari huhesabiwa kwa hali ya tarehe 1 Oktoba, kwa asilimia 70 ya thamani, na bili hutoka Julai inayofuata. Ukirudisha gari Januari, Julai unaweza kupata barua ya gari ambalo hata ufunguo wake huna. Deni linaweza kuwa halali kwa ile miezi uliyokuwa nalo, lakini isiwe mwaka mzima. Tunza risiti ya siku ya kurudisha yenye tarehe na maili, na uombe uthibitisho kwamba namba za gari zimerudishwa au kufutwa. Mthamini wa mji hawezi kupunguza miezi bila karatasi. Muhimu kuliko vyote: siku unarudisha gari, iachie kampuni anwani yako mpya. Bili iliyokwenda nyumba ya zamani bado inadaiwa.

Massachusetts wao hutoza dola 25 kwa kila dola 1,000, wakitumia bei ya orodha ya mtengenezaji: asilimia 90 mwaka wa toleo, 60 mwaka wa pili, 40 wa tatu. Gari lililoorodheshwa kwa dola 36,000 litatozwa dola 540 mwaka wa pili. Kodi hiyo hugawanywa kwa miezi, na maombi ya kupunguziwa yana muda mrefu wa kutosha. Kentucky, aliyekuwa na gari tarehe 1 Januari ndiye hudaiwa kodi ya mwaka mzima. Rhode Island waliifuta kodi hii mwaka 2022, kwa hiyo mstari wa kodi ya gari kwa miaka ya baadaye kule unahitaji maelezo ya maandishi.

Texas gari la mkataba la matumizi binafsi limesamehewa, isipokuwa katika mji uliopitisha kabla ya tarehe 1 Januari 2002 kwamba utaendelea kutoza. Msamaha huo unategemea kiapo chako kwenye fomu 50-285, kwamba angalau nusu ya maili si za kutafuta kipato. Kampuni isipokuwa na kiapo hicho kwenye faili, inatozwa, na wewe unatozwa. Mwulize muuzaji kama umeitia saini, na uchukue nakala yako.

Kabla ya mkataba mwingine

Ukikaa mezani na muuzaji, mwambie akuonyeshe makadirio ya kodi ya mali kwa anwani yako ya sasa, mwaka kwa mwaka, kisha ugawe kwa 12 na kuongeza kwenye malipo ya mwezi. Hiyo ndiyo bei ya gari. Uliza nani hutuma bili, ada yao ni kiasi gani, na kama kampuni imeandikisha gari kwa matumizi binafsi. Akikujibu kwamba "hiyo huwa ni kidogo tu", mpe muda aipigie simu kampuni mbele yako kabla hujashika kalamu.