Kuulinda mfumo wa faili wa ext4 umeme unapokatika ghafla

Ext4, mfumo wa faili unaotumiwa na seva nyingi za Linux, huandika mabadiliko kwanza katika daftari maalumu lililomo ndani ya diski, kisha ndipo huyapeleka mahali pake pa kudumu. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, kerneli, yaani kiini cha Linux, husoma daftari hilo diski inapopachikwa (inapounganishwa na mfumo) upya, hukamilisha miamala, yaani mafungu ya mabadiliko, iliyokwisha kufungwa na kuitupa iliyoishia njiani. Hata hivyo, katika hali ya kawaida, iitwayo ordered, daftarini huingia metadata tu: majina, ukubwa na mahali vilipo vipande vya faili. Kwa hiyo mfumo unaweza kuamka ukiwa mzima kabisa, na bado hati uliyoihifadhi sekunde chache kabla ya giza isionekane.

Anza kwa kukagua kashe. Diski nyingi hujibu kwamba zimemaliza kuandika ilhali data ingali katika kumbukumbu yake ya muda, na ext4 hujikinga kwa kuiamuru diski imwage kashe hiyo kabla muamala haujahesabiwa kuwa umefungwa. Fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski na namna zinavyopachikwa; ukikuta chaguo la nobarrier au barrier=0, linalozima kinga hiyo, liondoe. Wapo wanaoliweka ili kupata kasi, jambo ambalo kwa maoni yangu halina utetezi isipokuwa kashe inalindwa na betri au kapasita. Ukishuku kwamba diski haitii amri ya kumwaga, izimie kashe kwa hdparm -W 0 /dev/sda na ukubali kwamba uandishi utakuwa wa polepole.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni programu yenyewe. Anayefungua mipangilio.conf, akafuta yaliyomo na kuandika upya juu yake, hujiachia mwanya wa kubaki na faili tupu. Njia salama ni kuandika nakala mpya, tuseme mipangilio.conf.tmp, katika folda ileile, kuiitia fsync (mwito unaolazimisha data ifike diskini), kuipa jina la faili la zamani kwa rename, kisha kuiitia fsync folda yenyewe ili badiliko la jina nalo lifike diskini. Umeme ukatike hatua yoyote, msomaji atakuta toleo la zamani au jipya, wala si nusu ya kila moja. Chaguo la data=journal, linalopitisha data yote daftarini, haliondoi haja ya fsync, na hupunguza kasi.

Umeme ukirudi, tazama dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli: maneno "recovery complete" yanaonyesha kwamba daftari limesomwa. Ukiona makosa ya EXT4-fs, usiendeshe e2fsck, programu ya kukagua na kurekebisha ext4, juu ya diski iliyopachikwa, kwa kuwa unaweza kuiharibu zaidi. Ipachue, uendeshe kwanza e2fsck -fn /dev/sda2, ambayo hukagua bila kubadilisha kitu, uhamishe nakala ya vilivyo muhimu, ndipo urekebishe kwa e2fsck -f. Faili zilizopoteza majina zitawekwa katika lost+found zikiwa na namba tu, na amri ya file itakusaidia kutambua kila moja ni ya aina gani.