Makato Yakiisha: Jinsi Tunavyobana Matumizi Nyumbani Tusirudi Kwenye Deni

Mwezi ule mkopo wa baba watoto ulipokwisha, mshahara uliingia na shilingi 210,000 zaidi ya tulizozizoea. Hakuna pesa ya hatari kama hiyo. Ukiwa na deni, unabanwa upende usipende: mtumishi wa serikali anaweza kukatwa hadi abaki na theluthi moja ya mshahara, na kwa hiyo theluthi mnakula, mnavaa, mnapanda daladala. Deni likiisha hakuna wa kukubana tena. Pesa hiyo usipoipa kazi mapema, itaishia kwenye soda, bando na nauli za bodaboda, na mwisho wa mwezi mtaulizana ilikwenda wapi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro, na mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto watatu, na nyumba tumepanga. Ninayoandika ni ya nyumba ya namna hiyo. Mwenye maduka mawili mjini ana hesabu zake nyingine.

Kwanza hakikisha deni limekufa kweli. Dai barua ya kumaliza mkopo, yenye muhuri, na uangalie hati ya mshahara ya mwezi unaofuata uone kama lile kato limeondoka. Kuna watu wamekatwa mwezi mmoja au miwili ya ziada, na kuidai hiyo pesa bila karatasi mkononi ni kazi. Kama uliwahi kukopa kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, na wakakushikia kadi ya benki, ichukue na ubadilishe namba ya siri siku hiyohiyo. Halafu ujiandae kwa simu. Watapiga, tena kwa upole: "Mwalimu, wewe ni mteja wetu mzuri, kuna ofa ya kuongeza mkopo." Mume wangu aliwajibu, "Asante ndugu yangu, kwa sasa nimepumzika," akakata. Maelezo marefu yanawapa pa kushikia.

Baada ya hapo, jikate mwenyewe. Sisi ile 210,000 tuliichukulia kama bado inakatwa. Siku mshahara unapoingia, kabla sijaenda hata sokoni, tunaigawa: 100,000 ya kodi ya nyumba, 60,000 ya chakula cha jumla, 30,000 ya dharura, 20,000 ya michango. Kodi imechukua fungu kubwa kwa sababu wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, na ile laki sita ndiyo iliyokuwa ikituingiza kwenye mikopo kila mara. Sasa mwenye nyumba akipiga hodi, pesa yake ipo. Tunaiweka kwenye akaunti isiyo na kadi, maana pesa ya kwenye simu ina miguu, na kila ukiitoa kidogo kidogo makato yanakula upande wake. Ya dharura hiyo 30,000 inakaa kwenye kikoba, kama hisa. Ila kabla hujaingia kwenye kikoba uliza jambo moja: ni lazima mwanachama akope? Vipo vingi vinavyolazimisha. Ukijibiwa ndiyo, shukuru, aga, nenda zako.

Fungu la chakula ndilo linalolipa kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo. Mtu mwenye deni hununua vitu kwa bei ya juu kuliko tajiri, kwa kuwa hana pesa ya pamoja: mafuta ya kupima, mchele nusu kilo, mkaa wa kopo. Faida ya kwanza ya kutokuwa na deni ni kuacha kupimiwa. Mchele wa Ifakara ambao dukani kwetu ulifika 2,400 kwa kilo mwezi wa pili, sisi tulikuwa nao ndani tangu mwezi wa saba, na ulitugharimu kama 1,700 pamoja na usafiri na kukoboa. Tunanunua mpunga, kisha tunakoboa kidogo kidogo, kwa sababu mpunga wenye maganda unakaa vizuri kuliko mchele. Jirani zangu wengine wanaangushwa na hesabu: gunia la mpunga la kilo 100 halitoi mchele kilo 100. Kadiria 60 hadi 65, gawanya bei kwa hiyo, ongeza ya mashine, ndipo ulinganishe na dukani. Pumba usimwachie mwenye mashine, kuku wanazihitaji.

Mahindi yana adui wake, dumuzi na fukusi. Tunatumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Unajaza, unakamua hewa, unafunga wa kwanza kwa kamba, kisha wa pili, kisha kiroba. Wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa, na dawa huhitaji. Sharti ni mahindi yawe makavu. Kupima ukavu, chukua chupa ya plastiki iliyo kavu kabisa, tia mahindi yafike robo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, halafu acha yatulie. Chumvi ikigandia pembeni mwa chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka chini yote, yaweke kwenye mfuko. Na mfuko ukishafungwa usiwe unaufungua kila jioni kuchota kibakuli. Toa debe zima, funga tena.

Mafuta ya kula tunanunua dumu la lita 20 na kugawana na majirani wawili. Lakini mafuta mengi ndani ya nyumba yanamfanya mpishi awe mkarimu, hata mimi. Kwa hiyo najaza chupa ya lita moja kila Jumatatu asubuhi na dumu linarudi chini ya kitanda. Chupa ikiisha Jumamosi, Jumapili ni mchemsho. Maharage nayaloweka usiku kucha, nayachemsha ya siku tatu kwa pamoja. Yakishaanza kulainika nayatoa motoni yakiwa yanatokota na kuyazamisha na sufuria yake kwenye kapu nililolishonea mto wa vipande vya blanketi kuukuu, nafunika juu. Yanamalizikia humo, mkaa haunihusu tena.

Kwenye umeme nina machache. Soma risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, badala ya kuangalia namba za tokeni tu. Aliye kwenye kundi la D1, la matumizi madogo, ananunua uniti kwa bei ya msingi ya shilingi 100. Aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni 292. Ukiongeza VAT ya kawaida ya asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, inakuwa kama 122 dhidi ya 356. Uniti 75 ni 9,150 kwa huyu, na karibu 26,700 kwa yule. Mpaka wa D1 ni hizo 75 kwa mwezi, kwa hiyo kama uko humo, pasi na jagi la umeme ndivyo vya kuchunga. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja, nasi tunanyoosha sare za wiki nzima Jumapili, mara moja. Na mpangaji mwenzangu, ile kodi ya majengo ya 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU ni ya mwenye jengo. Tunza risiti, mwonyeshe kwa adabu siku ya kulipa kodi, mpunguze 18,000 ya mwaka. Wetu alinuna kidogo, akakubali.

Sare za shule ni uwanja wangu. Usinunue ya kumtosha mtoto leo. Mwambie fundi aache pindo la inchi nne kwenye sketi, alikunje mara mbili na kulishona kwa mkono, kwa mishono mirefu, maana mashine inaacha vitundu vinavyoonekana ukiliachia. Kila Januari unaachia inchi moja au mbili. Ule mstari wa mkunjo wa zamani unaupaka siki iliyochanganywa na maji kidogo, unanyoosha kwa pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, na unafifia. Kaptula ya mvulana itiwe kiraka cha ndani makalioni ikiwa bado mpya, kabla haijavaliwa hata siku moja. Ukisubiri itoboke utaweka kiraka cha nje na mtoto atachekwa. Fundi akikuambia haiwezekani, tafuta mwingine. Inawezekana, ila inamchukua nusu saa zaidi.

Sasa michango, ambayo imeua bajeti nyingi kuliko njaa. Kitchen party, sendoff, harusi, ubarikio, na kila moja ina kamati na kundi lake la WhatsApp unamoingizwa bila kuulizwa. Kwetu utaratibu ni huu: msiba hauna bajeti, tunakwenda na tunatoa tulichonacho, hata kwa kugusa ya dharura. Harusi ya ndugu wa damu inatoka kwenye ile 20,000 ya kila mwezi iliyojikusanya. Nyingine zote zinapata kilichobaki. Mwenyekiti wa kamati moja alinipigia juzijuzi: "Dada, kadi yako ya double ni laki moja, tukuandike?" Nikamwambia, "Hongereni sana kaka. Sisi niandikie elfu thelathini, na nakutumia leo hii." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ya leo naichukua dada." Kamati zina ahadi nyingi za laki kwenye daftari na pesa kidogo mkononi, kwa hiyo elfu thelathini ya mapema ina heshima yake. Mara nyingine natoa kazi: nilimshonea binti wa jirani magauni ya wasimamizi wake, wao wakaleta kitambaa.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba ukijulikana huna deni, utaanza kukopwa. Shemeji, mwalimu mwenzake, mama wa kanisani. Tulikubaliana kwamba hakuna anayejibu akiwa peke yake. Jibu ni "ngoja nizungumze na mwenzangu," hata kama mwenzangu amekaa kiti cha pili. Tunakopesha kile tu ambacho tungeweza kumpa mtu moja kwa moja, na kinatoka kwenye fungu la michango. Shemeji aliomba 150,000, tukampa 40,000. Akirudisha, zinarudi kwenye michango. Asiporudisha, kodi ya nyumba ipo palepale, na kitchen party ijayo itapata kanga moja badala ya doti.