Kusajili kampuni BRELA: andika karatasi moja kabla ya kufungua mfumo

Maombi mengi ya kusajili kampuni yanayorudishwa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, huangushwa na vitu vidogo. Kitambulisho cha NIDA kinasema Ramadhani, katiba ya kampuni imeandikwa Ramadhan. Fomu inaonyesha hisa 600, ukurasa wa saini unaonyesha 60. Ofisi kwenye mfumo iko kata moja, kwenye hati iliyogongwa muhuri iko kata nyingine. Mwombaji anasahihisha pale alipoambiwa, anatuma tena, na ombi linarudi kwa kosa jingine lililokuwa ukurasa wa pili. Dawa yake ni kuandika taarifa zote mara moja, kwenye karatasi moja, kisha kila hati inakiliwa kutoka hapo.

Maelezo haya ni ya kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa, Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, Sura ya 212. Zanzibar wana wakala wao, BPRA, na utaratibu wao. Na kama ulichonacho kwa sasa ni jina la biashara tu, jua kwamba sheria inakuona wewe na biashara kuwa kitu kimoja: deni la duka ni deni lako, na mali zako binafsi zinaweza kufuatwa. Kampuni ni mtu mwingine kisheria. Mwanahisa anadaiwa tu kile ambacho hajalipia katika hisa alizochukua. Shika neno hilo "hajalipia", maana kwenye mtaji ndipo watu wanapojifunga wenyewe.

Kinachoandikwa kwenye karatasi

Kampuni inahitaji wakurugenzi wasiopungua wawili na katibu mmoja; mmoja wa wakurugenzi anaweza pia kuwa katibu. Wanahisa wa kampuni binafsi hawazidi 50. Mtu huyohuyo anaweza kuwa mwanahisa na mkurugenzi, na kampuni nyingi za familia ziko hivyo.

Kwa kila mtu andika majina yote matatu kama yalivyo NIDA, herufi kwa herufi, namba ya NIDA yenye tarakimu 20, TIN (namba ya mlipakodi) yake binafsi, simu, barua pepe, sanduku la posta na mahali anapoishi. Asiye Mtanzania anatumia pasipoti. Asiye na TIN aiombe TRA kwanza, haina malipo. Ukiona jina la NIDA na la TIN havifanani, rekebisha huko huko kabla ya kuendelea. Mfumo wa BRELA huvuta taarifa kutoka NIDA, kwa hiyo jina la NIDA ndilo litakalotawala kila hati, hata kama maisha yako yote umeandika jingine kwenye vyeti vya shule.

Simu na barua pepe ziwe za mhusika mwenyewe. Hili ni chungu kwa wengi: akaunti inafunguliwa na kijana wa steshenari kwa barua pepe yake, cheti kinatoka, watu wanashukuru na kuondoka. Miaka miwili baadaye wanataka kubadilisha mkurugenzi, na nenosiri liko kwa mtu ambaye hata namba yake hawana. Mlipe akuchapie, lakini akaunti iwe yako.

Kisha anwani ya ofisi: mkoa, wilaya, kata, mtaa, barabara, namba ya kiwanja na kitalu kama eneo limepimwa, namba ya nyumba, na postikodi. Iwe sehemu ambayo barua ikipelekwa inakufikia, kwa sababu kisheria notisi ikifikishwa hapo imeifikia kampuni.

Jina

Tafuta kwanza kwenye mfumo uone majina yaliyokwisha kusajiliwa. Kuongeza "Tanzania", "Group" au "Investment" mbele ya jina la mwenzako hakukuokoi, wala kubadili umoja kuwa wingi; msajili anaangalia kama mteja wa kawaida anaweza kuwachanganya. Jina la kampuni binafsi linaishia na neno Limited. Maneno kama benki na bima yana wasimamizi wake, usiyaweke bila ridhaa yao. Andaa majina matatu kwa mpangilio wa mapenzi yako, na usichapishe bango wala kuchonga muhuri wa kampuni kabla cheti hakijatoka. Kusajili jina la kampuni pia hakukupi alama ya biashara. Hiyo inaombwa peke yake.

Mtaji wa hisa

Hapa kaa muda mrefu. Wengi huandika shilingi 100,000,000 ili kampuni ionekane kubwa, bila kujua wameahidi nini.

Chukua mfano. Mtaji ni 10,000,000, umegawanywa katika hisa 1,000 za shilingi 10,000 kila moja. Mwanahisa wa kwanza anachukua 600, wa pili 300. Zimebaki 100 ambazo hazijagawiwa. Zinakaa akiba mpaka atakapoingia mwenza mwingine. Wa kwanza amejifunga kulipa 6,000,000, hata kama siku ya kusajili hakutoa hata shilingi. Tuseme ameweka 1,000,000, kisha kampuni ikafilisika. Mfilisi ana haki ya kumdai 5,000,000 zilizobaki. Ukomo wa dhima unamlinda na deni la juu ya hapo, lakini zile tano ni zake. Sasa weka mtaji wa 100,000,000 kwenye hesabu hiyo uone.

Ada nayo inafuata mtaji, kwa ngazi. Mtaji unaozidi 1,000,000 hadi 5,000,000 una ada ya 175,000. Unaozidi 5,000,000 hadi 20,000,000, ada ni 260,000. Juu yake kuna 66,000 za kufaili nyaraka na 6,200 za ushuru wa stempu. Kwa hiyo mtaji wa 5,000,000 kamili unalipiwa 247,200, na ukiongeza shilingi laki moja tu unapanda hadi 332,200. Bili inayotoka kwenye mfumo ndiyo ya kulipa, lakini hesabu hii inakusaidia kuamua kabla. Kuongeza mtaji baadaye kunawezekana, kwa azimio la wanahisa na ada yake. Kuupunguza ni safari ndefu zaidi. Anza na mtaji unaoweza kuulipia kweli.

Shughuli za kampuni

Mfumo unakutaka uchague shughuli kwa misimbo ya kimataifa iitwayo ISIC. Usiandike "biashara ya jumla" ukadhani umemaliza. Kuuza jumla na kuuza rejareja ni misimbo tofauti, na kujenga nyumba ni msimbo tofauti na kujenga barabara. Ulichochagua kifanane na malengo yaliyoandikwa kwenye katiba, kwa sababu afisa wa leseni ya biashara ataifungua katiba hiyo. Kampuni ya ushauri inayoomba leseni ya kuuza vifaa vya ujenzi wakati neno hilo halimo popote itaambiwa ikabadilishe malengo kwanza, na hiyo ni ada nyingine na wiki nyingine. Weka unachofanya sasa na unachotegemea kufanya hivi karibuni. Orodha ya kurasa tano iliyonakiliwa kutoka kampuni ya mtu haikusaidii.

Katiba na ukurasa wa saini

Katiba ya kampuni, ambayo ofisini na mtaani wote huiita memarts, ina sehemu mbili. Ya kwanza inataja jina, kwamba ofisi iko Tanzania, malengo, ukomo wa dhima, na mtaji na mgawanyo wake. Ya pili ni kanuni za ndani: vikao, kura, kuuza hisa, kuteua na kuondoa wakurugenzi. Kwa kuwa ni kampuni binafsi, lazima iseme kwamba uhamishaji wa hisa una vizuizi, wanahisa hawazidi 50, na umma haukaribishwi kununua hisa.

Wakili mzuri analipwa kwa ajili ya sehemu hii ya pili. Ndugu wawili wenye hisa nusu kwa nusu, bila kanuni ya kukata shauri wakitofautiana, wana kampuni inayoweza kusimama kabisa siku wakigombana. Uliza maswali haya kabla ya kusaini: mwenzangu akifa, hisa zinakwenda kwa nani? Akitaka kuuza, ni lazima aniulize mimi kwanza? Nani anasaini hundi?

Ukurasa wa mwisho una safu tatu: upande wa kushoto jina, anwani na kazi ya kila mwanahisa, katikati idadi ya hisa alizochukua, kulia saini. Chini yake ni shahidi: jina, saini, anwani, wadhifa, na muhuri wake. Mwanahisa mwenyewe ndiye anayesaini mbele ya shahidi, kwa saini yake ya siku zote. Safu ya hisa ndiyo inayosahaulika. Ikiwa wazi, hati haijakamilika, na ombi litarudi hata kama kila kitu kingine kimenyooka.

Kwenye mfumo

Sasa fungua ORS, mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, na ujaze ukinakili kutoka karatasi yako: jina, aina ya kampuni, anwani, wakurugenzi, katibu, wanahisa na hisa zao, shughuli. Utaulizwa pia wamiliki manufaa, yaani binadamu halisi anayefaidika au kuidhibiti kampuni mwishoni mwa mnyororo. Kama mwanahisa ni kampuni nyingine, taja watu walio nyuma yake. Usimweke mjomba kwa jina tu huku mwenye mali ni mwingine. Sheria inadai ukweli hapa na ina adhabu.

Ukimaliza, mfumo unakutengenezea fomu jumuishi, yaani fomu moja yenye taarifa zote ulizojaza. Ipakue, ichape, wahusika wasaini, iskani na kuipakia tena. Pamoja nayo pakia katiba, tamko la uadilifu, na Fomu 14b, ambayo ni tamko kwamba matakwa ya sheria yametimizwa. Fomu 14b inasainiwa na wakili aliyeshughulikia uundaji wa kampuni, au mkurugenzi au katibu aliyetajwa, mbele ya kamishna wa viapo. Angalia hapo: wakili akiwa yeye ndiye anayetoa tamko, kiapo kishuhudiwe na kamishna mwingine. Hawezi kujiapisha.

Ukibadilisha chochote kwenye mfumo baada ya kuchapa fomu jumuishi, hata namba ya nyumba, chapa upya na watu wasaini upya. Ndiyo maana saini huja mwisho, baada ya mtu wa pili kusoma kila jina kwa sauti huku wa kwanza akifuatilia kwenye karatasi.

Kila hati iwe PDF moja, kurasa zote kwa mpangilio, zikiwa wima, muhuri ukisomeka. Picha za simu zenye kivuli cha mkono zinarudishwa.

Kisha utapata kumbukumbu namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontrol namba. Lipa benki au kwa simu, kiasi kilekile kilichoandikwa. Fedha za serikali zinapita kwenye namba hiyo tu. Anayekuambia umtumie kwenye namba yake binafsi ili "asukume", mwache.

Ombi likirudishwa, soma maelezo yote ya afisa hadi mstari wa mwisho kabla ya kugusa kitu. Rekebisha yote kwa pamoja, kisha linganisha tena kila hati na karatasi yako.

Cheti kikishatoka

Pakua cheti na katiba iliyosajiliwa, hifadhi nakala mahali pawili. Omba TIN ya kampuni TRA ndani ya siku 15 tangu kuanza biashara. Utaombwa mkataba wa pango, na mkataba huo una ushuru wa stempu wa asilimia 1, pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo kampuni huikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Zungumza na mwenye nyumba mapema, wengi hugundua hilo wakiwa dirishani. Leseni inafuata: ya kundi A (biashara za ngazi ya kitaifa na kimataifa) hutolewa na BRELA, ya kundi B (biashara za kawaida za eneo) na halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Benki nayo itataka azimio la bodi linalotaja nani atasaini kwenye akaunti.

Kila mwaka, ndani ya siku 28 baada ya siku na mwezi kampuni iliposajiliwa, wasilisha taarifa za mwaka BRELA, ada 22,000. Kampuni ambayo haijafanya biashara yoyote inadaiwa vilevile. Ukichelewa, faini ni 2,500 kwa mwezi, na hulipi tu ya mwaka mmoja: kila mwaka ulioruka una bili yake. Mkurugenzi akiondoka au ofisi ikihama, una siku 14 za kumjulisha msajili, kwa Fomu 210b kwa mkurugenzi na Fomu 111 kwa ofisi. Tarehe ya cheti iandike juu kabisa kwenye ile karatasi yako, na karatasi ikae kwenye faili moja na katiba.