Una miaka 40 na akiba haionekani? Anza na salary slip

Mimi nashughulika na payroll za viwanda hapa Nyakato, Mwanza, na kila mwisho wa mwezi lazima aje mtu wa miaka 38, 42 hivi, slip mkononi, anauliza mbona makato mengi na akiba haionekani. Mara nyingi akiba anayo ila kaiweka sehemu ambayo kodi inaimega bila sababu. Fanya hivi.

Hatua ya 1: piga hesabu ya slip mwenyewe. Tuseme gross, mshahara kabla ya makato, ni 1,800,000. NSSF, mfuko wa pensheni, unakatwa asilimia 10, yaani 180,000, na mwajiri anaongeza 180,000 yake juu. PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa BAADA ya kutoa hiyo 180,000, kwa hiyo inapigwa kwenye 1,620,000: milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, halafu 620,000 iliyobaki asilimia 30 ni 186,000, jumla 314,000. Ukikuta wamekukata 368,000 jua wamepiga kodi kwenye gross nzima na unapoteza 54,000 kila mwezi, nenda kwa mhasibu siku hiyo hiyo, usisubiri mwezi ujao. Kwa watumishi wa serikali walioko PSSSF, mfuko wao wa pensheni, mchango ni asilimia 5 wewe na 15 mwajiri.

Hatua ya 2: hakikisha mchango umefika. Slip inaonyesha umekatwa tu, haionyeshi kama hela imepelekwa. Ingia portal ya NSSF au app ya PSSSF Kiganjani, au fika ofisini kwao hapa mjini, uhesabu miezi. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, na wale waliofanya kazi za mikataba migodini Geita wakarudi Mwanza wakakaa bila ajira wana mapengo makubwa kuliko wanavyodhani. Una miaka 42 na miezi 120? Bado 60, sio mbali, ila lazima ujue sasa.

Hatua ya 3: usiongeze mchango wa hiari ukidhani PAYE itashuka. Nafuu ya kodi inaishia kwenye ile asilimia ya kisheria. Ukitaka kuongeza kwa sababu ya pensheni sawa, ila kwa ajili ya kodi hapana.

Hatua ya 4, na hapa ndo penye hela: angalia akiba yako inakatwa nini. Fixed deposit ya benki, riba inakatwa asilimia 10 ya kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa, ukipata riba ya 500,000 mkononi inafika 450,000. Gawio la hisa za kampuni zilizoko soko la Dar es Salaam linakatwa asilimia 5. Riba ya hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) za muda mrefu, za miaka 10, 15, 20, 25, haikatwi, na unaanza na milioni 1 tu, benki yako inakufungulia akaunti ya CDS, ya kutunzia hatifungani zako. Riba inaingia kila miezi sita, kwa hiyo mwenye watoto shule atafute ile inayolipa Januari na Julai, ada inakuwa imejipata yenyewe. Kama milioni haijafika, kusanyia UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kule mwekezaji hakatwi kodi kwenye faida, na mfuko wa Ukwasi unatoa hela ndani ya siku chache kwa hiyo hela ya dharura ikae hapo kwanza, hatifungani baadaye.

Najua wengi wetu ni viwanja, Kisesa, Buswelu, Usagara. Sikatai, ila robo ya kiwanja huwezi kuiuza mtoto akilazwa hospitali ya Bugando, na ukiuza kuna kodi ya asilimia 10 ya faida, kwa hiyo tunza risiti zote za manunuzi, upimaji na ujenzi maana faida inahesabiwa baada ya kutoa gharama hizo.

Hatua ya 5: hela ya kuanzia. Mkopo wa bodi, ule wa elimu ya juu, unakatwa asilimia 15 ya basic, mshahara wa msingi, na haupunguzi PAYE hata shilingi. Wengi wanaumaliza umri huu huu. Mwezi mkopo unapoisha tu, weka standing order, maagizo ya benki kuhamisha hela kila mwezi, ya kiasi kile kile kwenda UTT kabla nyumbani hawajazoea ongezeko.

Halafu ukimaliza hatua hizi hakikisha majina ya wategemezi na warithi kote, kwenye mfuko wa pensheni, benki na UTT, ni ya sasa, wengi bado wameandika wazazi tu, mke na watoto hawapo.