Kabureta au injekta kwa gari la zamani lenye injini ngeni: anzia kwenye tangi

Nina Corolla KE20 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Injini yake ya 3K ya cc 1,166 ilichoka, nikaiondoa na kuweka 4A-GE ya cc 1,587 yenye valvu 16. Kwanza niliiendesha kwa kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa bila kompyuta) mbili za Weber 40 DCOE. Baadaye nikazishusha na kuirudishia injekta zake, yaani vinyunyizio vya mafuta vinavyoongozwa na kompyuta. Haya ninayoandika nimeyafanya pande zote mbili, gari lilelile, injini ileile.

Wengi huanza kwa kuuliza kipi kina nguvu zaidi. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, kabureta iliyopangwa vizuri na injekta zilizopangwa vizuri hazipishani sana. Utaona tofauti asubuhi injini ikiwa baridi, kwenye foleni, na ukipanda mlima mrefu. Kwenye mita 1,000 juu ya usawa wa bahari hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 10. Kabureta haina namna ya kulijua hilo, inaendelea kumwaga mafuta kwa jeti (vitundu vya kupimia mafuta) zilezile na moshi unakuwa mweusi. Injekta hupunguza zenyewe.

Lakini kabla ya yote hayo, lala chini ya gari utazame tangi.

Weber inataka presha ya psi (kipimo cha presha) 3 hadi 3.5 tu. Ukiizidishia, mafuta yanaishinda sindano ya floti (boya linalofunga mafuta kikombe cha kabureta kikijaa), kikombe kinafurika na plagi zinalowa. Injekta za 4A-GE zinataka karibu psi 40, zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo pampu ya zamani, mipira ya zamani na hata klipu za zamani hazifai tena. Mpira wa mafuta wa injekta huandikwa ubavuni J30R9, na ule wa presha ndogo J30R7. Kwa macho hutaona tofauti, kwa hiyo usome maandishi. Mpira dhaifu ukipasuka chini ya presha ile haudondoshi matone. Unarusha petroli kama dawa ya kunyunyizia, na ekzosi ya moto iko karibu.

Halafu kuna suala la kona. Tangi langu ndani lilikuwa sanduku tupu, bila kuta za kuzuia mafuta yasikimbilie upande. Likiwa robo, ukiingia kona ndefu mafuta yanalala upande mmoja na pampu inavuta hewa. Kabureta haikusumbui, kwa sababu kikombe cha floti kina akiba ya kukuvusha. Injekta hazina akiba. Presha ikianguka, injini inakata hapohapo. Mimi ilinikatikia katikati ya kona, gari jingine likiwa nyuma yangu, na tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie tangi ni jambo la kumalizia mwishoni.

Dawa yake ni tangi dogo la pili. Langu ni la lita moja na nusu. Pampu ya presha ndogo inavuta kutoka tangi kubwa na kulijaza hilo dogo. Pampu ya presha kubwa inavuta kutoka chini ya hilo dogo kwenda kwenye injekta. Mafuta yasiyotumika yanarudi kwenye tangi dogo, na yakizidi yanamwagikia tangi kubwa kwa bomba la juu. Ukihesabu, hizo ni pampu mbili, bomba la kurudishia, vichujio viwili, na kazi ya kutoboa na kuchomelea tangi. Tangi lisafishwe kabisa mpaka mvuke wote wa petroli uishe kabla ya kuchomelewa, na kazi hiyo mwachie fundi anayeijua. Kama huna nafasi ya kufanya yote haya sasa, basi jibu lako kwa sasa ni kabureta. Hakuna aibu ndani yake.

Ila usinunue kabureta kabla ya kujua nani ataongoza moto wa plagi. Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. 4A-GE ina distributa (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi), nikadhani inasogeza taimingi, yaani wakati wa plagi kuwaka, yenyewe kama ile ya 3K, kwa vizito na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Haisogezi. Kazi yote ya taimingi inafanywa na kompyuta ya injini, na ukiitupa kompyuta pamoja na injekta, moto unabaki pale ulipofungwa. Gari liliwaka, lakini lilikuwa zito mwanzoni na likakataa kuchangamka juu. Ilibidi nitafute boksi la kuongoza moto peke yake. Kwa injini za baadaye zisizo na distributa kabisa, zenye koili juu ya kila plagi, jambo hili halikwepeki: kabureta itakuondolea waya za injekta, waya za moto zitabaki.

Ndiyo maana msimamo wangu uko wazi. Injini iliyozaliwa na injekta iachiwe injekta, na iliyozaliwa na kabureta iachiwe kabureta, mpaka upate sababu nzito ya kugeuza. Toyota 22R na 22R-E ni mfano mzuri: injini zinakaribiana sana, moja ya kabureta na nyingine ya injekta. Ukiwa bado hujanunua, chagua toleo linalolingana na tangi lako na fundi wako, badala ya kununua moja kisha kuigeuza iwe nyingine.

Ukienda na kabureta, usidanganywe na ukubwa. Mafuta hunyonywa na kasi ya hewa inapopita penye koo jembamba. Ukilitanua koo kupita kiasi, hewa inapita polepole, mafuta hayanyonywi vizuri, na gari linakohoa kila unapokanyaga. Kwenye Weber zangu koo la mm 32 lilinipa gari tamu kuliko la mm 36. Angalia pia breki. Kabureta zenye mdomo mmoja kwa kila silinda hutoa vakyumu dhaifu inayorukaruka. Mwanzoni nilivuta vakyumu ya busta (kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki) kutoka mdomo mmoja, na pedali ikawa ngumu. Unganisha midomo yote minne kwenye kikopo kimoja, kisha weka valvu ya njia moja kabla ya busta.

Ukienda na injekta, chukua waya zote za gari injekta zilikotoka pamoja na kompyuta yake, plagi zote na sensa zote, bila kukatwa. Kama gari hilo lilikuwa na ufunguo wenye chipu, ufunguo na boksi lake vije pia, la sivyo kompyuta itakataa kuwasha. Alteneta ya zamani pengine haitatosha kulisha pampu mbili, kompyuta na feni ya umeme, kwa hiyo pima volti injini ikiwa inanguruma na taa zikiwa zimewaka. Gia boksi ya otomatiki nayo ina maswali yake: ya zamani huvutwa kebo kutoka kwenye kabureta, ya kisasa husubiri ishara ya kompyuta.

Zipo pia injekta zinazokaa juu ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) palepale pa kabureta, kompyuta ikiwa ndani yake. Ni nzuri, na kwa injini kubwa za V8 zilizozaliwa na kabureta ningezifikiria kwanza. Lakini nyingi zinataka psi 58 hivi, kwa hiyo kila nililosema kuhusu tangi na mipira linabaki palepale.

Siku ya kuwasha injekta mara ya kwanza, chomoa waya ya koili ili injini isishike. Kaa na kizimamoto mkononi. Washa pampu, kisha pita na taa kwenye kila kiungo kuanzia tangi mpaka injekta, ukipapasa kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, zima, ondoa presha, kaza, rudia. Baada ya injini kuwaka, jaribu rilei ya pampu (kiunganishi cha umeme kinachoiwasha): ikate injini ghafla bila kuzima swichi, usikilize. Pampu inatakiwa inyamaze yenyewe ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kulia, usilitoe gari nje.