Ukitafuta chumba Kigoma, mkague dalali kwanza

Mwaka jana pale Mwanga nilimpa dalali elfu kumi, "hela ya usumbufu", anionyeshe chumba. Chumba chenyewe kilikuwa na mtu, sufuria ya dagaa bado iko jikoni! Tangu hapo nina utaratibu wangu.

Dalali akinitajia nyumba, naanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye na mabalozi wa nyumba kumi wanajua nyumba ni ya nani na nani kafiwa, ndugu wanagombea mirathi. Namba ya simu ya dalali haitoshi. Namuuliza mwenyekiti kama anamfahamu kwa sura.

Halafu naangalia mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Kule Gungu nilinunua umeme wa elfu mbili, jina la mwenye mita lililotokea kwenye simu si la yule aliyejiita mwenye nyumba. Kumbe alikuwa mpangaji mwenzangu mtarajiwa, tena anadaiwa.

Udalali kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja. Silipi mpaka nimeshika funguo, na kodi namlipa mwenye nyumba mwenyewe. Mkataba uwe wa maandishi, mashahidi wasaini. Dalali akisema anasimamia nyumba ya mtu aliye Dar, anioneshe barua ya kumruhusu, nami nampigia huyo mtu mbele yake.

Mkikorofishana na mwenye nyumba, Baraza la Kata husuluhisha. Ikishindikana, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukitapeliwa hela, hiyo ni jinai: polisi. Nenda na meseji za muamala, usizifute.